Kampala ya mwaka 2150, kila mtu na upanga kiunoni: nini kitabadilika kwanza?

Mwandishi_Arua

Habari zenu ndugu. Naandika riwaya ya Kampala ya mwaka 2150. Risasi zimekuwa adimu hadi raia hana tena bunduki, wanazo polisi na jeshi tu. Upanga umekuwa kama simu: kila aliyetimiza miaka 18 hatoki nyumbani bila wake, awe anakwenda soko la Owino, ofisini au kanisani. Nimeupa ubapa wa sm 75, ulionyooka, makali pande mbili.

Mapigano ninayo ya kutosha, msiniongezee. Nimekwama kwenye mambo madogo. Abiria wa bodaboda anauweka wapi? Chuma cha watu wote hao kinatoka wapi? Mvua ya Aprili inaufanya nini? Ukifika kwa mkwe unaingia nao au unauacha nje? Na ni kweli kwamba kila mtu akiwa na silaha watu wanakuwa na adabu? Nataka mtu wa Kampala asome aseme, ndiyo, mambo yangekuwa hivi hasa.

Mvukuto

Kwanza upunguze. Ubapa sm 75, mpini na kinga ya mkono sm 17, jumla sm 92. Kwenye taksi ya abiria 14 aliyekaa katikati hana pa kuuweka ila wima kati ya magoti, mpini ukimgusa kifua. Konda akikunja kile kiti cha mlangoni, ala inabanwa na kupasuka. Kabla ya miaka kumi kupita mji mzima utakuwa umehamia ubapa wa sm 45 hadi 50, na haitahitajika sheria wala mahubiri. Waachie sm 75 wenye magari yao. Hapo umeshapata alama ya utajiri bila kuandika neno utajiri.

Chuma ni springi za bapa za pikapu na lori. Springi ya upana wa sm 6 na unene wa milimita 8 ina uzito wa gramu 37 hadi 38 kwa kila sentimita, kwa hiyo kipande cha sm 30 ni kama kilo 1.1. Kinatosha ubapa mmoja wa sm 50 pamoja na mkia wake wa kuingia kwenye mpini, na kinachobaki ni magamba ya moto na vumbi la tupa. Ukichukulia watu milioni moja, hizo ni tani 1,100 za springi. Sasa jiulize lori lililoegeshwa usiku Kisenyi litaamka na springi zake? Wizi wa springi utakuwa kama wizi wa nyaya za umeme, na mabasi yataanza kulala juu ya matairi matatu. Hiyo sura ningeiandika kabla ya mapigano yote.

Kuhusu kazi yenyewe, fundi wako wa Katwe atafanya hivi. Anapasha chuma mpaka sumaku ikatae kushika (hapo ni kama nyuzi 770), anaongeza kidogo hadi 830 au 850, kisha anazamisha wima kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60. Bomba la kipenyo cha sm 10 na urefu wa mita moja likijazwa hadi sm 80 linakula lita 6 hivi. Akifanya haraka akatumia maji utasikia tiki! Huo ni mlio wa ubapa kupasuka, na hakuna dawa yake. Akitoka kwenye mafuta anapima kwa tupa: ikiteleza kama kwenye kioo, chuma kimekuwa kigumu. Hapo ndipo wazembe hukomea, maana tayari kinakata. Lakini chuma cha hatua hiyo kinavunjika kama sahani. Lazima saa ileile kirudishwe kwenye moto mdogo, nyuzi 280 hadi 300, saa moja, kipoe, kisha saa moja nyingine. Ukisugua sehemu ndogo kwa msasa kabla, utaona rangi ikitoka njano ya majani makavu, ikawa kahawia, ikawa zambarau. Zambarau ikianza kuingia bluu, toa.

Jaribio la mwisho ni kubana ncha kwenye jiliwa na kuupinda ubapa kama nyuzi 15 kila upande. Ukirudi ulivyokuwa, unauzwa. Ukibaki umepinda, ulipikwa vibaya. Ukivunjika, tazama ndani: ukiona doa la kutu lililokuwepo kabla ya kuvunjika, springi ilikuwa na ufa wa uchovu tangu ilipokuwa chini ya lori. Ndiyo maana fundi makini hununua springi iliyovunjika kwenye shimo la boliti, akakata mbali na shimo, wala hanunui ile iliyonyooka kwa kubeba mizigo miaka 20.

Feki zitakuwa mbili. Ya kwanza ya nondo za ujenzi: nondo haina kaboni ya kutosha, ukiizamisha kwenye mafuta haishiki ugumu wa kutosha, inapinda kwenye pigo la kwanza na kubaki hivyo. Ya pili inang'aa sana, chuma kisichoshika kutu, mkia wake ni msumari wa skrubu uliochomelewa kwenye shina la ubapa. Ukiutikisa mpini unasikia mlio mdogo. Huo haupindi, ubapa mzima unaruka na kumpata mpita njia. Mhusika wako yeyote mwenye akili atatikisa mpini sikioni kabla ya kutoa hela, kama watu wanavyoligonga tikiti maji kwa kidole.

Hatua7

Mvukuto amesema kweli kuhusu urefu, ila sheria nazo hufuata nyuma ya mazoea. Enzi za Elizabeth wa Kwanza, Uingereza iliweka kikomo cha panga za raia, ubapa usizidi kama sm 103, kwa sababu vijana wa mjini walikuwa wakishindana kwa urefu. Mashindano ya namna hiyo utayaona na wewe, hasa mwaka wa kwanza baada ya watu kutimiza 18.

Bodaboda sasa. Upanga ukining'inia kiunoni kushoto hukaa mshazari, na ule wako wa sm 92 unatokeza nyuma nusu mita. Dereva akipenya kati ya magari mawili ncha inachora mlango wa mtu au inanasa kwenye kioo cha pembeni. Abiria akirusha mguu kupanda, ala inamchapa aliyesimama nyuma. Kuubeba mgongoni ni mambo ya sinema: ubapa mrefu kuliko mkono wako hauchomoki juu ya bega, na ukianguka chali ile fimbo imelala juu ya uti wa mgongo. Ukiwa mfupi, jumla sm 65, unalazwa mapajani, kati ya dereva na abiria, na hauzidi upana wa usukani. Mshikaki wa watu watatu hapo umekwisha. Polisi wa barabarani wamehangaika nao miaka yote na upanga utaumaliza bure.

Kwa jambia, yaani kisu kipana cha kupinda, njia ya zamani ni ya Oman: huvaliwa mbele katikati ya tumbo, kwenye mkanda juu ya kanzu. Limo mpaka kwenye bendera yao. Kitu kilicho mbele hakimgusi jirani, na mwenyewe anakiona muda wote, hakuna mkono wa mwizi utakaokifikia. Kanzu yetu ya sherehe ikiwa na koti juu inafaa kabisa. Gomesi haifai. Mshipi wake ni kitambaa laini kinachofungwa chini ya kiuno. Mtundike gramu 800 utamvua mtu nguo hadharani. Wanawake watavaa mkanda wa begani unaokatiza kifua, kama Masingasinga wanavyobeba kirpani, kile kisu chao cha dini. Mshonaji yeyote wa Kiyembe atakuambia mkanda huo unahitaji kushonewa kipande kizito begani, la sivyo gomesi itachanika kwenye yale mabega yaliyosimama.

Na usisahau kupiga magoti. Binti wa Kiganda anamwamkia mkwewe kwa magoti. Akishuka na upanga ubavuni, ncha ya ala inagota sakafu kwanza, mpini unapanda na kumchoma mbavu. Kwa hiyo ama ala ina ndoano ya kuichomoa mkandani kwa mkono mmoja, ama upanga unaachwa mlangoni. Japani walikuwa na yote mawili: mgeni aliacha upanga mrefu kwa wenyeji mlangoni akaingia na mfupi tu, na akikaa na upanga chini aliuweka upande wake wa kulia, kwa sababu kutoka huko mkono wa kulia hauwezi kuuchomoa kwa haraka. Ukitaka kuonyesha kwamba mkwe hajamkubali kijana, usiandike maneno makali. Mwache kijana auweke upanga kushoto kwake, watu wote sebuleni wanyamaze.

Kigingi cha mlangoni kiwe mita 1.5 kutoka chini, watoto wasifikie. Ukitundikwa wa kulala, mpini uelekee kushoto.

Salamu za Kampala za kushikana mikono muda mrefu huku mkizungumza zitarefuka zaidi, maana mkono wa kulia ulioshikwa hauchomoi kitu. Atakayeachia mapema ataulizwa ana haraka gani.

Adabu? Hapana. Hilo ni neno la watu wa sinema. Ulaya ya karne ya 16 na 17 kila muungwana alibeba upanga, na waliuana kwa sababu ya kukanyagana mguu. Ufaransa ilipiga marufuku mapigano ya kulipiza heshima mwaka 1626, na mwaka uliofuata bwana mmoja mkubwa, Montmorency-Bouteville, akakatwa kichwa kwa kuyaendeleza. Sheria ya adabu haikutoka kwenye panga, ilitoka kwa waliozikusanya. Japani, Hideyoshi aliwanyang'anya wakulima panga mwaka 1588, na mwaka 1876 serikali ikakataza hata samurai kutembea nazo. Huko Bath, Uingereza, karne ya 18, msimamizi wa sherehe Beau Nash alizizuia mjini, na fimbo ya kutembelea ikachukua nafasi yake. Utakachopata Kampala ni uangalifu, na uangalifu si adabu. Watu watasimama mbali zaidi kwenye foleni, watakohoa kabla ya kupita nyuma ya mtu, na mlevi ataogopwa kuliko mwizi.

Wakili_Jinja

Naongeza jambo ambalo waandishi hulisahau. Nchi hii ina kumbukumbu yake. Mwaka 2021 huko Masaka zaidi ya watu 20, wengi wao wazee, waliuawa usiku kwa mapanga, na Waganda wakaita bijambiya, neno linalofanana na jambia. Msomaji wako hataanza na upanga wa heshima, ataanza na hofu hiyo. Kwa hiyo jamii yako lazima itenganishe panga na upanga kwa kitu kinachoonekana kwa mbali. Nadhani kitakuwa ala. Panga la shambani linabebwa wazi asubuhi, pamoja na jembe, kuelekea shambani. Upanga haubebwi wazi kamwe. Ubapa ulio nje ya ala barabarani, yowe linapigwa, na hakuna anayesubiri maelezo.

Sheria ya Makosa ya Jinai tuliyonayo sasa tayari inamgusa anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutisha watu. Ili kila mtu abebe, Bunge halihitaji kuifuta, linahitaji kueleza ni wakati gani silaha haitishi. Jibu rahisi ni sili. Utepe unaunganisha kinga ya mkono na ala, unafungwa kwa kipande kidogo cha madini ya risasi kilichobanwa kwa koleo lenye namba, kama sili ya mita ya umeme. Ukikuta sili nzima, upanga ni vazi. Ikiwa imekatika, mwenye upanga ndiye anayeeleza kwa nini. Kesi nyingi zitaamuliwa hapo, kabla ya shahidi wa kwanza kusimama.

Namba ya fundi na ya mwenyewe ipigwe kwenye mkia, chini ya mpini, kwa sababu ubapa unasuguliwa kwa msasa ukabaki mtupu. Daftari likae kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Na kama vile gari lilivyo na bima ya mtu wa tatu iliyobandikwa kwenye kioo, ala itakuwa na kibandiko chake cha mwaka.

Mgogoro mkubwa mahakamani utakuwa wa kuachiana. Benki, kanisa, baa, shule: wote watasema acha mlangoni. Akishaupokea mlinzi, ameupokea kama amana, na akimpa mtu asiye wake anawajibika kwa yatakayofuata. Itabidi kibao cha namba kigawanyike vipande viwili, kimoja kwenye mpini, kingine mfukoni mwako. Ukipoteza kibao, upanga unalala hapo mpaka mwenyekiti wa kijiji chako aje na daftari. Baa zitakwenda mbali zaidi: aliyekunywa harudishiwi hadi asubuhi, au apewe mwenzake asiyekunywa. Jumatatu saa moja asubuhi Kabalagala kutakuwa na foleni ya watu wenye macho mekundu, kila mmoja na kibao mkononi.

Uwanja wa Entebbe usijisumbue nao sana. India leo inamruhusu Singasinga kuingia na kirpani kwenye ndege za ndani, ubapa usizidi inchi 6 na urefu wote inchi 9. Chukua kanuni hiyohiyo. Upanga unakwenda na mizigo.

Polisi wenye bunduki hawatakuwa salama kama unavyodhani. Mwaka 1983 Mmarekani Dennis Tueller alionyesha kwamba mtu anakimbia mita 6.4 kwa sekunde 1.5, muda uleule ambao askari anahitaji kuchomoa bastola na kufyatua. Askari wako watajifunza kuzungumza na watu kwa sauti kubwa, kutoka mbali.

Nesi_Koboko

Kaka Mwandishi, majeruhi wako wengi hawatatoka kwenye ugomvi. Watatoka kwenye kurudisha upanga kwenye ala. Mkono wa kushoto unashika mdomo wa ala, mtu anatazama pembeni, makali yanapita kati ya kidole gumba na cha shahada. Kila wodi itakuwa na bandeji za mkono wa kushoto, na manesi watakuwa na jina la kuwatania.

Kwenye ugomvi, vidonda vya kwanza ni vya mikono, mtu anapokinga uso. Kano za vidole zikikatika, mgonjwa anaweza kuonekana mzima, lakini kidole hakikunji. Kano zinashonwa, mkono unafungwa gango wiki 6 hivi, halafu mazoezi, na kazi nzito hadi kama wiki 12. Fikiria fundi cherehani au dereva wa boda miezi mitatu bila kipato. Hilo ndilo litakalowatuliza watu, kuliko kifo.

Kuchomwa ni kubaya kuliko kukatwa. Kidonda cha sm 3 kifuani kinaonekana kidogo huku hewa inajaa kando ya pafu. Na ubapa ukibaki mwilini usiuchomoe, ndio unaoziba. Kila mtoto wa shule atafundishwa hivyo, kama wanavyofundishwa kuvuka barabara.

Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Akipoteza lita 2, mnampoteza. Mshipa mkubwa wa paja unaweza kummaliza kwa dakika tatu hadi tano, na kutoka Ntinda hadi hospitali ya Mulago saa za foleni hata boda haifiki kwa muda huo. Kwa hiyo utepe wa kufungia mguu lazima awe nao mtu mwenyewe. Unafungwa sm 5 hadi 7 juu ya kidonda, usikae kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko, unasokotwa kwa kijiti hadi damu ikome, saa inaandikwa kwenye paji la uso. Ndani ya saa mbili awe hospitali.

Wakili ametaja utepe wa sili. Nauomba huohuo. Lakini usiwe kamba nyembamba, kamba inakata nyama na haizuii mshipa. Uwe bapa, sm 4 kwa upana, urefu mita moja. Mkiwekeana sheria, wekeni na hiyo.

Mwandishi_Arua

Asanteni sana, sm 75 nimeshaiua. Lakini sasa naona mnagongana. Wakili anasema sili isikatike. Mvua ya Aprili ikimnyeshea mtu saa nane mchana, maji yanaingia kwenye ala. Akingoja hadi nyumbani jioni, kutu si itakuwa imeanza? Akifungua kukausha, amevunja sheria mbele ya watu.

Mvukuto

Umeona vizuri, na usilitatue haraka, hapo ndipo hadithi ilipo.

Springi haivumilii. Maji yakikaa kwenye makali tangu saa nane, jioni utakuta madoa ya rangi ya chungwa, na yakilala humo hadi kesho yanachimba vishimo ambavyo msasa hautoi bila kula ubapa. Ala ya ngozi tupu ni mbaya zaidi, dawa za kulainishia ngozi zinabaki na chumvi na unyevu. Afadhali mbao nyepesi ndani, musizi unachongeka vizuri, ngozi nje, na tundu la milimita 4 kwenye ncha maji yatoke. Tundu linapunguza tu, halimalizi.

Kwa hiyo kila mvua ikikatika, chini ya vibaraza vya maduka kutakuwa na watu 30 wanaotaka kufungua panga kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo dakika ya hatari kuliko zote katika mji wako. Watu watabuni utaratibu wao: unageukia ukuta, unasema kwa sauti "Nakausha!", jirani anajibu "Kausha", ndipo unavuta. Asiyesema, yowe. Na kila steji itakuwa na mtu mwenye koleo la sili lililosajiliwa, kitambaa na chupa ya mafuta, anakukaushia na kukufungia upya kwa bei ya rolex moja, ile chapati ya mayai. Siku ya jua hana kazi, kama muuza miavuli.

Wakili_Jinja

Koleo hilo litaibwa wiki ya kwanza. Liwe na namba, na aandike kwenye daftari saa aliyofunga. Mvua na saa zilingane.

Mvukuto

Sawa. Basi mwonyeshe akifanya kazi kwa karibu. Kitambaa kinakunjwa mara mbili, mgongo wa ubapa unaelekea kiganjani kama una makali upande mmoja. Wako wa pande mbili anashika kwa bapa, kidole gumba juu, vingine chini, havizidi ukingo. Anavuta kutoka kwenye kinga kwenda nchani, mara moja, harudi nyuma. Kitambaa cha pili kikavu, tena hivyo. Matone matatu ya mafuta ya cherehani, kwa sababu ya kupikia yanaganda na kunata ndani ya ala. Anapuliza mdomo wa ala, anaigeuza kuitingisha maji yatoke tunduni, anarudisha ubapa akiutazama mpaka umeingia wote, anakaza utepe wa sm 4, anabana sili. Anaangalia saa, anaandika.

Nesi_Koboko

Na wa kwake mwenyewe anamkaushia nani?